Siku Tatu za Kumkataza Mama Kazi

Mama yangu alikataliwa na mashine siku ya Jumatatu, mbele za watu, na mimi nikataka kupigana.

Ngoja nieleze vizuri, maana hasira zangu huwa zinatangulia maneno. Serikali yetu ina pesa kidogo inazowapa wazee waliotimiza miaka themanini. Mama ametimiza na kupitiliza, kitambulisho chake cha taifa kinasema hivyo, mwenyekiti wa mtaa alituandikia barua na kuigonga muhuri, na jina la Mama likatokea kwenye orodha ya ofisi ya divisheni. Kilichobaki ni mashine. Ni kidude cheusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia, kina kioo juu. Unaweka kidole, kinasoma mistari ya ngozi yako, kikikutambua kinawaka taa ya kijani. Kwa Mama kiliwaka nyekundu. Afisa akamwambia arudie. Nyekundu. Kidole gumba cha kulia, kidole gumba cha kushoto, vidole viwili vya shahada, vyote nyekundu.

"Jjajja, mashine haikuoni," afisa akasema. Huku Kampala kila bibi kizee ni jjajja, awe wako au wa jirani.

Mama akageuka akaniangalia mimi. "Hainioni vipi? Si nimekaa hapa?"

Nyuma yetu kwenye benchi mtu akacheka. Nikasimama. Nilikuwa tayari kuuliza huyo anayecheka ana mama au aliokotwa, lakini Mama akanivuta gurbaba, ile nguo yetu Wanubi tunayojifunga, akaivuta kwa nguvu hata nikakaa tena. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema vidole vya wazee huchoka, twende tukavitunze, turudi Alhamisi. Ila Alhamisi ndiyo siku ya mwisho. Baada ya hapo orodha inafungwa, na ambaye hajasomwa atasubiri zamu nyingine. Nikamuuliza zamu nyingine ni lini. Akatazama dari.

Sasa mtu asije akadhani tunalala njaa. Mimi nina cherehani yangu mtaa wa Kamwokya, nashona sare za shule na magauni ya harusi, na ndugu zangu hawajamtupa mama yao. Lakini siku ile jina lake lilipotoka, Mama alisema neno ambalo bado liko kichwani mwangu. Alisema, "Nimekula sukari ya baba yenu mpaka akafa. Nimekula sukari yenu. Kabla sijaenda, na mimi nataka kula sukari ya jina langu." Baba alikuwa askari. Kwenye vitabu vyote vya kambi Mama aliandikwa mke wa fulani, basi. Kwa hiyo ile taa ya kijani haikuwa mchezo kwake. Na mtu wa umri ule humwambii asubiri zamu ambayo hata mwenye ofisi anaitafuta darini.

Tulipofika nyumbani nilimkuta jirani yetu uani, anatengeneza mafungu ya nyanya. Ni mama wa Kikongo, alikimbia vita kwao mashariki, amepanga chumba cha pembeni mwaka wa sita huu, na ni mtu wa kanisani hasa, huimba hata akiwa anachambua dagaa. Nilipomwambia habari ya mashine, alicheka hadi akashika ubavu.

"Dada, kwa mambo ya vidole si mungeniuliza mimi? Sisi wakimbizi tumesomwa vidole kuliko vitabu. Tuko mafundi."

Akatoa masharti palepale. Siku tatu, tukihesabu na hiyo Jumatatu yenyewe, Mama asiguse maji. Asiguse sabuni, asiguse majivu wala jiko la makaa. Asishike jani la kusukia wala ufagio. Asubuhi na jioni apakwe mafuta, na usiku alale na soksi mikononi. Ngozi ikipumzika, mistari itarudi kidogo, na kidogo tu kinatosha.

"Na udhu?" Mama akauliza.

Jirani akarudi kwenye mafungu yake ya nyanya, maana hapo si kanisani kwake.

"Kwa maji ya udhu simsikilizi mtu," Mama akasema. "Mungu katangulia serikali." Tukakubaliana: udhu sawa, kisha nimkaushe kwa taulo na kumpaka mafuta hapohapo, mara tano kwa siku.

Jioni ile nilimkalisha karibu na dirisha, nikachukua miwani yangu ya kutungia uzi, nikashika kidole chake cha shahada nikakigeuzia mwangaza. Wallahi, hakikuwa na kitu. Nilitazama na kutazama. Kile cha kati, hakuna. Gumba, hakuna. Ngozi ilikuwa ngumu na laini kwa pamoja, inang'aa, kama mwiko uliosongea ugali miaka mingi. Nikatazama kidole changu mwenyewe: mistari imejaa tele, inazunguka, inagongana, kama ya mtu ambaye hajaanza kazi. Nikaona aibu na mistari yangu.

Nilimuuliza, "Mama, imekwenda wapi?"

Akadhani nauliza soksi.

Ukutani kwetu kuna kawa moja kubwa la kufunikia chakula, jekundu na jeusi na rangi ya udongo, amelisuka yeye. Sisi tunaliita tabaga. Alisuka makawa kama hayo tangu akiwa msichana, ya harusi za watu, ya misiba ya watu, ya kuuza ili sisi twende shule. Ukindu unapita kidoleni, unapita, unapita. Nilikuwa nimekula chini ya kawa lile maisha yangu yote na sikuwahi kulitazama. Jioni ile nilisimama mbele yake kama niko mbele ya mkubwa wa kambi. Nilielewa kwamba ile mistari mashine inayoitafuta iko humo. Nasema kweli, niliogopa. Mtu anaweza kujimaliza hivyo, kidogo kidogo, mbele ya macho yako, na wewe unaomba chumvi.

Kidole kimoja tu sikukitazama. Sikukitazama kwa sababu huwa sikitazami.

Ni kile cha mwisho, cha mkono wa kushoto. Kimenyooka kama askari kwenye gwaride na hakikunjiki. Nilikuwa na miaka minne tulipohamishwa kutoka nyumba za kambi kule Mbuya, vyombo vinapakiwa kwenye lori la jeshi, na mimi, kichwa ngumu tangu zamani, nilikatazwa kukaa nyuma ya lori nikaenda kukaa hapohapo. Lile bamba la nyuma lilipoanguka mkono wangu ulikuwa chini yake. Mama aliingiza wake. Mimi nilitoka mzima. Yeye kidole kilivunjika kwenye fundo la katikati, kikapona kwa kukauka, na tangu siku hiyo kimesimama peke yake pembeni ya kila kazi. Mama alikibatiza jina, anakiita mstaafu. "Mstaafu amepoa," husema asubuhi za baridi. Watu hucheka. Mimi sijawahi kucheka na wala sijawahi kumwomba msamaha, miaka zaidi ya hamsini. Nilikuwa napaka mafuta vidole tisa, hicho nikakipitia juu juu huku nikiangalia mlango.

Jumanne ndipo nilipojua ninaishi na nani.

Mama hajui kukaa. Nilimwambia akae, akakaa, mikono juu ya mapaja, inang'aa mafuta kama mandazi. Baada ya dakika mbili mkono wa kulia ukateremka kuokota uzi chini. Nikamkemea. Ukarudi. Ukateremka tena kupangusa meza. "Mama!" nikapiga kelele. "Ebu acha kunipigia kelele kama koplo," akasema. "Mkono wenyewe unakwenda, mimi sijautuma."

Kazi zake zote zikawa zangu. Mimi ni fundi, najiona mchapakazi, nimewahi kushona magauni manane ya wasimamizi kwa siku mbili. Kufika saa nne nilikuwa hoi. Kuchambua maharage, kufua, kusugua sufuria, kumwagilia mboga kwenye ndoo, kukoroga unga wa kisra uliochachuka tangu jana. Kisra, ule mkate wetu mwembamba, inataka chuma cha moto sana, uji mwepesi, na mkono usioogopa. Nilimwaga, nikatandaza, nikagusa ukingo kuibandua, nikaruka nikiita jina la marehemu baba yangu. Mama alicheka mpaka machozi. Tena yeye huinua ukingo ule kwa ncha za vidole kama anayefungua ukurasa. Na makaa! Kaa likianguka kutoka kwenye sigiri, Mama huliokota kwa vidole na kulirudisha, wala haachi mazungumzo. Nimemwona akifanya hivyo maelfu ya mara. Jumanne nilichukua koleo, na bado nikaungua.

"Ulikuwa huusikii moto?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nausikia," akasema. "Basi nifanye nini, na ninyi mnataka kula?"

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekutajia saa. Nilikaa pale jikoni na kidole changu mdomoni, nikamwangalia bibi kizee yule mdogo wa mwili aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

Sasa Jumatano. Hapa ndipo nilipoharibu.

Jumatatu ile kilichoniuma zaidi ni kicheko cha kwenye benchi. Nikajiapia kwamba Alhamisi mama yangu haingii ofisi ile kama omba omba. Nilimpigia pasi gurbaba yake ya bluu bahari. Nilifukiza udi. Nilitoa viatu vyake vya ngozi nikavipiga brashi hadi nikajiona ndani yake. Halafu nikaangalia mikono. Kwetu mwanamke haendi mbele za watu kwa jambo kubwa na mikono mitupu. Mikono mitupu ni ya aliye edani. Mama alipofiwa na Baba alikaa eda yake, eda ikaisha, na hakupaka tena hina. Mwaka ukaja, mwaka ukaenda. Tukimwambia, anasema hina ni ya wenye waume.

Jirani alikuwa sokoni na nyanya zake. Nilikoroga hina mchana ule, nikaitia chai ya rangi na limau, nikamwendea.

"Mama, kesho ni siku yako. Si ya Baba wala yetu. Nipe mikono."

Nilijua atakataa. Hakukataa. Alinitazama, akatazama bakuli, akanipa mikono yote miwili, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijui niseme nini, ukawa wa msichana. Nilimpaka ncha za vidole na kucha, kama anavyopakwa bibi harusi wa kwetu. Nilipofika kwenye kile cha mwisho cha kushoto, akakiondoa.

"Huyu hapana. Mstaafu hapakwi hina. Hajafanya kazi tangu lori."

Sikubishana. Nilifurahi kukipita.

Mchana wote alikaa na hina yake inakauka, akiimba kidogo kwa Kinubi, wimbo wa kumpeleka bibi harusi. Nilijisifu. Nilisema, leo nimemfanyia mama yangu jambo.

Jirani alirudi jua linataka kuzama, beseni kichwani. Aliona mikono ya Mama, beseni likamteleza, nyanya zikatawanyika uani.

"Mama yangu weee! Dada, umefanya nini?"

"Nini tena?"

"Rangi! Kwa vidole! Sisi walitukatazaka hata wino! Mashine haioni kwa rangi!"

Siku tatu namkemea mama yangu asiguse hata uzi, na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nimempaka ukuta mwekundu juu ya kile kidogo kilichobaki. Tulimkimbilia na limau, na mafuta ya taa, na magadi. Hina ilikuwa imeshika vizuri, maana mimi nikifanya kitu nakifanya sawasawa. Nilisugua. Jirani alisugua. Mama akatunyang'anya mikono yake.

"Niacheni! Siku tatu mmenikataza maji, sasa mnataka kunichuna. Rangi nzuri namna hii, mnaitafutia nini?"

Nilikaa chini uani, katikati ya nyanya, nikalia. Nililia kwa sauti. Nilimwambia Mama kwamba nimemharibia, kwamba tangu nizaliwe kazi yangu ni kumharibia. Nilikuwa sizungumzii hina peke yake, na sijui kama alijua. Jirani akaanza kuokota nyanya, akisema polepole kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama alinyoosha mkono mwekundu, akanifuta pua kwa upindo wa nguo yake, kama nina miaka minne.

Alhamisi tulikuwa wa pili kwenye foleni. Nakwambia ukweli, nilikwenda kwa sababu yeye alikwishavaa. Alipoingia, benchi zima lilisogea. Mzee mmoja wa Kiganda alisimama kumpisha. Gurbaba ya bluu, udi, mikono myekundu juu ya mkoba. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Hata afisa alivuta kiti chake vizuri.

"Jjajja, leo umependeza. Unaolewa?"

"Naolewa na serikali," Mama akasema. "Leta hiyo mashine yako."

Gumba la kulia, nyekundu. Shahada, nyekundu. Afisa alifuta kioo kwa kitambaa. Kati, pete, kidole kidogo cha kulia, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nilikuwa naomba kimya kimya, nikichanganya dua na matusi. Akahamia kushoto. Gumba. Shahada. Kati. Pete. Kila taa ilivyowaka nilihisi mtu ananipiga kofi, na kofi nilistahili. Afisa akainua macho akanitazama mimi, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Nnyabo," akaniambia kwa heshima, "tumejaribu. Hiki cha mwisho naona kimekufa."

"Hakijafa," Mama akasema. "Amestaafu tu."

Afisa akatabasamu. "Haya, mstaafu naye tumwone."

Mimi niliinamisha kichwa. Sikutaka kukiona kidole kile kikiinuka mbele za watu, kimenyooka vile, na mimi nimekaa pembeni na vidole vyangu kumi vizima. Hakikuweza kukunjika kufika kwenye kioo, ikabidi Mama ainue kiwiko na kugeuza mkono mzima. Nikamsaidia. Ilikuwa mara ya kwanza kukishika hasa. Ncha yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, na nilipoigeuza kuilaza kwenye kioo, niliiona: mistari. Yote. Imepangwa vizuri, duara ndani ya duara, haijaguswa na ukindu wala moto wala sabuni tangu siku ile ya lori.

Taa ikawaka kijani.

Ofisi nzima ikashangilia, banange, kama mpira umeingia golini. Afisa akasema, "Jjajja, ni wewe!" akapiga makofi. Mashine ikatema karatasi ndogo yenye jina lake, jina lake mwenyewe, bila mke wa fulani. Mama aliichukua akaishika kwa mbali, kama wasomaji wanavyofanya, ingawa hajui kusoma.

Mimi nilikuwa bado nimeshika kidole. Sikuweza kukiachia. Nilitaka kusema lile nililolikalia miaka hamsini, machozi yakatangulia, na watu wa nyuma wanasubiri zamu yao.

Mama akanitazama. Alikuwa anajua. Nadhani alijua siku zote.

"Unalia nini?" akaniambia. "Si unaona? Hiki ulinitunzia wewe."